Tulivyomtafuta Mfalme wa Farasi Maskati

Nimerudi wiki ya tatu sasa, na kila ninayekutana naye, kuanzia chumba cha walimu mpaka foleni ya mkate, ananiuliza swali moja: "Haya, sanamu mmeliona?" Nimechoka kujibu kwa vipande. Naandika mara moja, mpitishiane, na atakayetaka kuniuliza tena asome kwanza.

Kwa asiyejua kisa, ni hiki. Ukumbini kwa shangazi yangu Bi Asha, kuna picha ya kaka yake, ami yangu Seif, aliyeondoka Unguja kabla mimi sijazaliwa. Kasimama na kanzu nyeupe na kofia aliyoshonewa na shangazi mwenyewe kwa mkono, na nyuma yake kuna mfalme wa chuma juu ya farasi aliyenyanyua mguu mmoja. Babu, baba yao, ndiye aliyeipokea posta. Akaipeleka kwa fundi ikatiwa fremu, akaitundika, akawaambia watu: "Seif yuko Maskati. Hapo kasimama chini ya sanamu la mfalme wao wa zamani, anakusalimuni nyote." Baada ya hapo haikuja barua nyingine, na sasa inakaribia miaka hamsini. Babu aliacha sharti kwamba fremu ile isifunguliwe kamwe, ati hewa ya bahari itaila picha. Mimi nilipokuwa mdogo nilizabwa kofi kwa kuigusa misumari yake tu.

Mwaka jana, kwenye harusi ya jirani, Bi Time aliyekuwa ametoka kuwatembelea wanawe Omani akasema mbele ya wanawake wote: "Asha, mimi Maskati nimeizunguka. Hakuna sanamu la mtu hata moja. Kaka yako alikwenda Ulaya akakaa na mzungu wake, wewe kakuongopea." Watu wakacheka. Shangazi hakuligusa biriani. Siku ya tatu akaniita.

"Utanipeleka Maskati," akasema. "Nataka kujua kabla sijafa. Seif aliniongopea au hakuniongopea?"

Niseme ukweli, mimi nilimwamini Bi Time. Nilikubali safari kwa kumhurumia mama mtu mzima, basi.

Unguja hadi Addis Ababa

Shangazi aliifunga fremu kwa kanga mbili akaipakata. Uwanja wa ndege mashine ikapiga kelele, kijana wa ukaguzi akataka ifunguliwe.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "fremu hii imefungwa wewe hujazaliwa. Leo haifunguliwi."

"Bibi, humu mna misumari kumi na miwili."

"Kumi na minne. Angalia vizuri."

Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Ikabidi aitwe mkubwa wake, mtu wa makamo, akaitazama picha, akamwamkia shangazi kwa adabu, akatupitisha. Walichotunyang'anya ni chupa ya achari ya embe, ambayo nilikuwa nimeambiwa niitie sandukuni na mimi nikaisahau kwenye mkoba wa mkononi. Shangazi aliniongelea achari ile mpaka mawinguni.

Addis Ababa tulikaa saa sita tukingoja ndege iliyochelewa, kwenye baridi ambayo watu wa pwani hatukuumbiwa. Shangazi akazifungua kanga zote mbili ajifunike, picha ikabaki wazi mapajani. Mama mmoja wa Kihabeshi aliyekaa karibu yetu akaiona, akasimama, akainamisha kichwa, akagusa kioo kwa vidole akavibusu. Baadaye nilielezwa kwamba kwao kuna mtakatifu anayechorwa juu ya farasi, na bila shaka alidhani tumembeba yeye. Shangazi alielewa vingine kabisa.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Hata wasiomjua Seif wanamheshimu."

Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Yule mama akatugawia bisi na kipande cha mkate mnene wa duara, tukala watatu bila lugha moja kati yetu, na nakwambieni kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote vya njiani.

Mabela

Tulipokewa na Nadhra, mjukuu wa dada yake babu, aliyezaliwa kulekule Maskati. Yeye na mumewe Humud wamejenga Mabela, mtaa wa nyumba mpya zilizofanana kama vikombe vya seti moja. Siku ya kwanza nilitoka kunyoosha miguu, nikarudi nikaingia uani kwa watu wengine, nikavua viatu na kuomba maji. Wakanipa, na tende juu yake, ndipo wakaniuliza mimi ni nani.

Nadhra alitupikia wali na mchuzi wa pweza. Shangazi akaonja, akaweka kijiko chini.

"Nazi ya mkebe," akasema. "Haina imani."

Nadhra akacheka mpaka akajifuta machozi. Shangazi akaitoa fremu, akaisimamisha mezani baina ya sahani, akauliza: "Haya, sanamu hili liko wapi?"

Mke na mume wakatazamana.

"Shangazi, la, la," Nadhra akasema. "Sanamu la mtu? Hapa hatunalo, habibti. Kwenye mizunguko ya barabara utaona birika la kahawa, utaona chetezo, bas."

"Na farasi?"

"Farasi wapo, wallahi," Humud akaingilia. "Kuna mzunguko njia ya Sib, farasi watatu. Lakini mtu juu yao hayupo."

Shangazi akafikiri. "Basi twende tukawaone hao farasi. Pengine mtu wamemshusha."

Mzunguko wa farasi

Tulikwenda Ijumaa baada ya sala, jua likiwa la kupasua kichwa. Farasi walikuwepo watatu, wazuri, wameinua shingo, migongo mitupu. Kabla Humud hajaliegesha gari sawasawa, shangazi alikwisha kushuka, mwavuli mkono mmoja na fremu mkono mwingine, anavuka barabara kama anavuka uani kwake. Magari yakafunga breki. Nilimkimbilia huku roho imenipaa.

Akafika kwenye majani, akainyanyua picha, akaanza kulinganisha miguu. Farasi wa kwanza si yeye. Wa pili si yeye. Alikuwa anainama kumtazama wa tatu chini ya tumbo, ndipo gari la polisi lilipowasili.

Askari alikuwa kijana mpole. Humud alimweleza yote kwa Kiarabu, mikono ikifanya kazi zaidi ya mdomo. Askari akaichukua fremu, akaitazama muda mrefu, akasema maneno machache akaitikisia kichwa.

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

Humud akashusha macho. "Anasema sisi hapa hatuweki watu juu ya mawe, hata masultani wetu tunaowapenda. Anasema, angalia kofia na upanga wa huyu bwana, huyu ni mfalme wa Ulaya. Pole, shangazi."

Shangazi alikaa kwenye ukingo wa saruji, mchana ule, magari yanatuzunguka pande zote.

"Basi Time kasema kweli," akasema.

Siku mbili hakutoka chumbani. Alikula tende tatu na chai. Mimi kwa ujinga wangu nikamwambia, "Shangazi, mambo ya zamani haya, achana nayo," na akanitazama kama sijui chochote cha dunia. Alitaka turudi nyumbani mapema. Na nikiwa peke yangu nilimkasirikia ami Seif, nisiyewahi hata kumwona, kwa kumpelekea mtu picha ya uongo akaiangalia miaka hamsini.

Siku ya mapazia

Nyumbani kwa Nadhra kuna dada wa kazi, Grace, mtoto wa Kiganda, mcheshi, anayemwita shangazi "Jaja", yaani bibi kwa kwao. Kila Alhamisi huyashusha mapazia ya ukumbini akayapiga pasi, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya wageni, na Nadhra hataki mgeni aone mkunjo. Alhamisi iliyofuata alipita chumbani kwetu kuchukua sahani, pazia zima limemning'inia begani, akasimama mbele ya fremu.

"Jaja, huyu nani alipiga pasi hii sitara vibaya hivi?"

Sitara ndilo neno lao la pazia. Mimi nikamwambia hilo si pazia, hilo ni sanamu la chuma.

"Hapana, ticha. Hii si chuma. Hii ni nguo." Akaweka kidole juu ya kioo. "Mimi kila Alhamisi napigana na huyu mstari. Ukikunja sitara mara mbili ukaiweka kwa kabati, hii mstari inakuja katikati, hata ufanye nini haitoki. Ona, inapita kwa mguu ya farasi, inapita kwa upanga, inaenda mpaka kwa mawingu. Chuma inakunjwa na mawingu?"

Nilisogea. Wallahi mstari ulikuwepo. Nimeitazama picha ile tangu nina akili, na mimi ni mwalimu wa hesabu, mistari ndiyo kazi yangu, na sikuwahi kuuona.

"Na chini," Grace akaendelea, "angalia viatu. Hii mawe ya barabara inaisha kwa kisigino. Hapo ni saruji, ni nyumba ya mtu."

Shangazi alikwisha kuinuka kitandani.

"Unasema ni pazia la mpiga picha?"

"Ndiyo, Jaja. Alisimama mbele ya sitara."

Shangazi akanigeukia. "Kwa hiyo hakuwa Ulaya. Inawezekana alikuwa hapahapa."

"Inawezekana," nikasema. "Tungeona kingo zake tungejua. Kingo zimefichwa na fremu."

Sote wawili tulikuwa tunalisikia sharti la babu. Shangazi akavaa miwani, akakaa sawasawa.

"Fungua," akasema.

Humud akaja na koleo. Misumari ilikuwa kumi na minne, kama alivyosema. Karatasi ya gundi ikachanika, ubao ukatoka, picha ikatoka. Kingoni, kweli, palionekana fimbo, pete na kamba ya kuvutia. Grace akapiga kigelegele. Nadhra akaja mbio kutoka jikoni. Na mimi, katika furaha ile, nikaigeuza picha nione kama kuna mhuri.

Mhuri ulikuwepo, wa stodio ya Matrah, bandari ya zamani ya Maskati. Chini yake kulikuwa na maandishi, nyuma nzima, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa watoto wa wakati ule kwenye chuo cha Kurani. Wino ulikuwa mweusi kama wa jana. Shangazi akanipokonya. Akasoma kimya, kidole kinafuata herufi, mpaka mwisho. Halafu akarudi mwanzo, akatusomea kwa sauti:

"Dada yangu Asha. Huyu mfalme wa nyuma simjui, ni pazia la mpiga picha, usinicheke. Nimepata kazi ya kutengeneza mafriji, na chumba hapa Matrah chenye mlango wake. Namwomba baba akuruhusu uje. Meli ya mwezi wa Mfungo Tatu nitakuwa bandarini nakungoja. Usipokuja na hiyo nitangoja nyingine, na nyingine. Kama hutaki, usinijibu, nami nitafahamu. Kakako, Seif."

Nilihisi baridi ileile ya Addis Ababa, ndani ya chumba cha Mabela. Kilichonipiga kwanza hata haikuwa meli. Lilikuwa lile pazia. Babu alisoma kwa macho yake kwamba ni pazia, akatoka nje akawaambia watu ni sanamu la mfalme. Akaipigilia misumari, akatukataza kuigusa. Bibi alikuwa amekufa, na shangazi ndiye aliyempikia, akamfulia, akamkanda miguu mpaka siku ya mwisho. Posa mbili zilikuja na zote mbili babu alizirudisha. Nilimpenda sana babu yangu. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa kokwa za tende, na pale nilikuwa namwona mtu mwingine kabisa.

Shangazi alivua miwani.

"Baba alikuwa anajua kusoma," akasema.

Matrah na Azaiba

Humud alirusha sauti kwenye kundi lao la simu la watu wenye asili ya Unguja: anatafutwa aliyemjua Seif wa mafriji, Matrah, zamani. Mtaniuliza kwa nini hatukufanya hivyo siku ya kwanza. Kwa sababu shangazi alitukataza kulitaja jina. Aliogopa ajibiwe kwamba mtu huyo hajawahi kufika.

Wakati tunangoja, Humud alitupeleka Matrah kwenye stodio. Sasa ni duka la mabuibui. Muuzaji akadhani kapata mteja, akamwekea shangazi buibui la lulu kifuani na kumsifu. Shangazi akamwacha amalize, kisha akapita mpaka ukuta wa mwisho, akageuka, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni kama Seif pichani. Nyuma yake palikuwa na mabuibui meusi tu, safu kwa safu. Akakaa hivyo kidogo, akasema, "Haya, twendeni."

Jibu lilikuja siku ya pili. Mzee Khalfan, wa mtaa wa Azaiba, alikaa chumba kimoja na Seif kabla Seif hajapata chake. Alitupokea barazani kwake kwa halua na kahawa, mzee mkubwa lakini macho makali. Alipoambiwa shangazi ni nani, alisimama, na ilimchukua muda kusimama.

"Wewe ndiye Asha?" akasema. "Mbona umechelewa, bibi?"

Shangazi akampa picha, upande wa nyuma. Mzee akasoma, akairudisha.

"Nilikuwepo akiiandika. Nimemcheka na mfalme wake." Akaweka kikombe chini. "Alikwenda bandarini, yakhe. Si meli moja. Kila meli itokayo Afrika anavaa kanzu safi na kofia ile anakwenda. Mwaka mzima, na mwingine. Chumbani kanunua kitanda cha pili. Nikamwambia, andika tena, barua hupotea. Akanambia, 'Nimemwambia asiponijibu nitafahamu. Nimeshafahamu.' Nna hakika hakukuchukia. Lakini jina lako hakulitaja tena."

"Na yeye yuko wapi?" shangazi akauliza, ingawa sote tulikwisha kujua kwa namna mzee alivyokuwa akisema.

"Kafa kwa homa, bado kijana. Wakati ule inajengwa ile hoteli kubwa ya Bustan. Hakuoa. Nimemzika mimi."

Mzee alitupeleka makaburini. Makaburi ya kule ni mawe tu, jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, bila jina, kwa maskini na kwa tajiri. Mimi na shangazi tulibaki nje ya ukuta kama ilivyo ada yao kwa wanawake. Mzee Khalfan akaingia na Humud, akanyoosha bakora, akaihamisha, akainyoosha tena.

"Ni safu hii," akapaza sauti. "Au ile. Bibi, nisamehe, miaka mingi."

Shangazi akatoa salamu ya makaburi kwa wote waliomo. Akashika ukuta kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, na mimi sikuwahi kumsikia akilia. Nililia naye, na miongoni mwa niliyoyalilia ni zile siku nilizomwita marehemu mwongo moyoni mwangu.

Nyumbani

Ndege ya kurudi haikuchelewa, na Grace alimpa shangazi pasi ya nguo ya zamani ya Nadhra kama zawadi, kwa idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo jibu la swali lenu ni hili: sanamu halipo, halikuwahi kuwepo, na ami Seif hakumwongopea mtu.

Khitma ya babu imepita wiki iliyopita. Kila mwaka shangazi huamka alfajiri akapika pilau la mtaa mzima. Mwaka huu mlango wake ulikuwa wazi, jiko limezimwa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Jioni Bi Time alikuja. Akaangaza ukumbini, akaiona fremu mahali pake pa siku zote, ila fundi kaambiwa aitie picha kinyumenyume: mfalme na farasi wake wameangalia ukuta, maandishi yametazama watu.

"Mbona mmeigeuza?" akauliza.

Shangazi alikuwa anapiga pasi pazia. Bi Time akasogea kusoma, mimi nikasogea naye, na ndipo nilipoona kitu ambacho Mabela hakikuwepo. Chini kabisa, baada ya jina la Seif, shangazi alikuwa ameongeza maneno mawili kwa kalamu ya risasi, kwa herufi zilezile za chuoni.

"Kaka, sikupewa."